Saratani Pia Hupita Njia za Panya

Nimekuwa kimya miezi mitatu na wengi wenu mmenijazia meseji mkiuliza kama nimeomoka nikawasahau. Hapana. Nilikuwa Eldoret nikimuuguza senge. (Watu wa Pwani na Bongo, tulieni. Huku kwetu senge ni dada ya baba, shangazi. Hilo neno lenu tunalijua, na silo hili.)

Leo hakuna video. Naandika, kwa sababu haya mambo nikiyasema mbele ya kamera nitalia, na mnajua venye mimi hulia vibaya. Pia kuna kitu nawadai. Mkifika huko chini mtakiona.

Senge ana miaka 52 na ni mfanyabiashara. Zaidi ya miaka 20 amekuwa akivuka mpaka hapa Busia karibu kila wiki, ananunua njugu na maharagwe upande wa Uganda, anakuja kuuza Bumala. Kama umezaliwa Marachi kama mimi, mpaka ni kitu cha kawaida kama kisima. Hata neno bodaboda linasemekana kuanzia huku, enzi za baiskeli, wasee wakibeba watu kutoka boda moja hadi nyingine kwenye ile nafasi kati ya geti la Kenya na geti la Uganda. Siku hizi tuna kituo kimoja cha pamoja, kilifunguliwa rasmi 2018, unakaguliwa mara moja upande unaoingia na unaendelea na safari. Na bado ziko njia za panya. Nyuma ya nyumba za watu, katikati ya mahindi, pale kijito kinapopungua maji. Kila mtoto wa Busia anajua angalau tatu.

Sasa, siku tunayoambiwa majibu, daktari aliona tumekodoa macho tu. Akageuza karatasi, akachora mstari mmoja kwa kalamu. Akaweka vidoti juu ya mstari. Akasema, "Hizi ni seli. Zikiwa huku juu, tunaziondoa na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Zikishavuka huu mstari, hiyo ni hadithi nyingine." Halafu akachora vidoti vingine chini ya mstari na akanyamaza.

Senge akamwangalia, akasema, "Daktari, kwani hata huku ndani kuna boda?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka. Huo mstari ulinikaa kichwani. Usiku senge akilala, mimi nilikuwa kwenye benchi na simu, nasoma huo mstari ni nini. Nitawaeleza venye nimeelewa, polepole, kwa sababu naona hatukufundishwa vizuri na ni kitu kila mtu anafaa kujua.

Ngozi yako, utumbo wako, mlango wa kizazi, vyote vimefunikwa na seli zilizopangwa kama matofali. Chini ya hayo matofali kuna utando mwembamba sana. Umeshonwa kwa protini, hasa kolajeni na laminini, na ni mwembamba karibu mara elfu moja kuliko unywele wako. Lakini ni mgumu, na unafanya kazi ya mpaka. Juu yake hakuna mishipa ya damu. Mishipa yote iko chini. Kwa hivyo seli iliyoharibika ikiwa bado juu ya utando haina gari la kusafiria. Inaweza kuzaana hapo, ikajaa, ikawa vurugu, lakini haiwezi kufika mapafuni wala kwenye ini. Ni kama lori lililojaa magendo ambalo bado limeegeshwa upande huu. Shida ipo, lakini unajua iko wapi.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi kabisa kinachoanzisha ni virusi vya HPV. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye alionyesha hivyo miaka ya 1980, na akapewa tuzo ya Nobel 2008. Watu wengi wanaofanya ngono hupata HPV wakati fulani, na mwili huwaondolea bila hata wao kujua. Kwa wachache virusi vinakaa, seli zinaanza kubadilika, na hapo ndipo nilishtuka: Shirika la Afya Duniani linasema kutoka hapo hadi saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano mwenye HIV ambayo haijatibiwa, ni miaka 5 hadi 10.

Soma tena. Miaka kumi na tano. Hizo seli za senge huenda zilikuwa juu ya mstari wakati mimi niko darasa la pili. Zilikuwa hapo akinilipia karo. Zilikuwa hapo wakati wa ile foleni ya Januari 2022, malori yamepanga makumi ya kilomita kwa sababu ya vipimo vya korona, na yeye anauzia madereva njugu za kuchemsha. Kila wiki anavuka mpaka, na ndani yake kuna mpaka mwingine bado umeshikilia.

Halafu siku moja zikavuka.

Zinavukaje? Mimi nilikuwa nafikiri saratani ni kama moto, inakula tu chochote kilicho mbele. Kumbe seli inafanya kazi ya kuvuka kwa mpango. Inatoa vijiguu vidogo chini yake, inavibonyeza kwenye utando. Kwenye ncha za hivyo vijiguu inatoa vimeng'enya vya kukata zile nyuzi za protini. Shimo likifunguka, inajisukuma ndani, nyingine zinafuata.

Na sasa hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Saratani haikugundua hiyo mbinu. Iliikuta mwilini.

Seli za kawaida huvuka huo utando kila siku. Ukijikata na kisu, askari wa damu nyeupe hutoka kwenye mshipa, wanapenya utando, wanaenda kwenye kidonda. Hatukuwezi kuishi bila hiyo ruhusa. Wanasayansi hata wana mahali wanapoitazama ikitokea moja kwa moja, ndani ya mnyoo mmoja mdogo anayeitwa Caenorhabditis elegans. Ana urefu wa milimita moja hivi na mwili wake ni kama kioo, unaona ndani kwa darubini. Akiwa bado mchanga, kuna seli moja tu, inaitwa seli ya nanga, ambayo lazima itoboe utando ili kizazi chake kiungane na mlango ambao mayai yatatokea. Seli moja, mahali pamoja, wakati ule ule, kila mnyoo. Mwaka 2003 David Sherwood na Paul Sternberg walieleza hiyo safari. Mwaka 2015 watafiti wakaonyesha kwamba hiyo seli lazima kwanza iache kugawanyika ndipo iweze kuvuka. Wazia hiyo, kwa sababu dawa nyingi za kemo zinalenga seli zinazogawanyika haraka.

Halafu 2019 wakafanya jaribio ambalo mtu wa Busia angewaambia matokeo kabla hawajaanza. Walimnyang'anya mnyoo vile vimeng'enya vya kukatia, wakaona kama seli itakwama. Haikukwama. Ilichelewa, ndiyo. Lakini ilikusanya vijimtambo vyake vya nishati pale mbele, ikajenga mguu mkubwa zaidi, ikasukuma utando kwa nguvu hadi ukapasuka. Ilipita.

Ukifunga geti, treila linakwama. Mwenye baiskeli anapita shambani.

Hii si hadithi ya mnyoo tu. Miaka ya 1990 kampuni za dawa zilitumia pesa nyingi kutengeneza dawa za kuzuia hivyo vimeng'enya kwa wagonjwa wa saratani. Kwenye karatasi ilikuwa poa sana. Kwa watu haikufaulu. Sababu ni nyingi, na wagonjwa wengi walipewa wakati saratani imeshasambaa, lakini moja ni hii: seli ina njia zaidi ya moja.

Sasa njoo karibu, nikwambie kuhusu mimi.

Mimi nilizaliwa miezi saba, kilo moja na nusu haijafika. Mathe alipata presha ya mimba, karibu iingie kifafa, ikabidi nitolewe. Maisha yangu yote nimeisikia hiyo hadithi kama ajali. Nikiwa Eldoret ndipo nilielewa kinachotokea mara nyingi kwa presha ya aina hiyo.

Wiki moja hivi baada ya mimba kutungwa, seli za nje za kijusi hufika kwenye ukuta wa kizazi na huanza kuvuka. Vijiguu, vimeng'enya, kusukuma, yote yale niliyosema hapo juu. Zinapenya utando, zinaingia kwenye nyama ya mama, zinafika kwenye mishipa yake na kuipanua ili damu ya kutosha ije kwa mtoto. Hivyo ndivyo kondo la nyuma linavyoshika. Kila mmoja wenu anayesoma hapa alivuka huo mpaka. Hakuna aliyezaliwa bila kuvuka.

Zikivuka sana, kondo linang'ang'ania hadi kwenye msuli wa kizazi na mama anaweza kuvuja damu vibaya siku ya kujifungua. Hiyo hutokea zaidi kwa aliye na kovu la upasuaji wa awali. Zikivuka kidogo kuliko inavyotakiwa, mishipa inabaki myembamba, mtoto anakosa damu ya kutosha, na presha ya mama inapanda. Huenda hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu. Seli zangu ziliishia karibu na geti.

Na unajua nani alinibeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wakati mathe hawezi hata kukaa? Senge. Wiki tatu. Anasema alikuwa ananiweka ndani ya blauzi kama pesa za biashara.

Kwa hivyo nilikaa pale kwenye benchi nikifikiria: kazi ile ile ambayo mimi sikuifanya vya kutosha nikiwa tumboni, seli za senge zimeifanya kupita kiasi akiwa na miaka 52. Ni mbinu moja. Tofauti ni kwamba seli za mimba zinaambiwa wapi pa kusimama, na mama huzizuia mahali fulani. Za saratani hazisikii mtu.

Sasa ile deni.

Mwaka juzi nilipewa doo kutangaza chai fulani ya kusafisha kizazi. Wengi mliiona hiyo video. Nilikuwa na kikombe, nacheka, nasema inaondoa uchafu na kurudisha homoni mahali pake. Nililipwa shilingi 8,000. Sikuuliza swali hata moja. Nilinunua taa ya kurekodia na nikamnunulia mathe viatu.

Senge aliiona pia. Alikuwa ameacha kupata hedhi kama miaka miwili, halafu damu ikaanza kurudi kidogo kidogo. Huyu ndiye mtu aliyetufundisha sisi wasichana wote wa boma mambo ya mwili. Kwa mila zetu hiyo ni kazi ya senge. Alitueleza hedhi, wanaume, mimba, bila aibu, tukiambua maharagwe. Lakini yake mwenyewe hakumwambia mtu. Alinunua chai ya mpwa wake. Alinunua pakiti baada ya pakiti, miezi saba, na akawauzia mpaka wenzake sokoni, akijivuna kwamba ni mimi kwenye simu.

Katikati alienda kliniki moja ya mtaani, sitaitaja. Akapewa dawa za kumeza, akarudi, akapewa zingine. Hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Aliposema kwamba anakunywa na chai, akaambiwa aendelee, haina madhara.

Haina madhara. Hiyo ndiyo sentensi inaniuma. Ile chai haikumletea saratani, najua. Damu ikishaanza kutoka hivyo, mara nyingi mpaka umeshavukwa. Lakini kuna tofauti ya kuvuka na kuvuka. Madaktari hupima kina kwa milimita. Seli zikiwa zimeingia chini ya utando milimita 5 au pungufu, na zinaonekana kwa darubini tu, hiyo bado ni mwanzo wa hatua ya kwanza, na wengi hupona kwa upasuaji. Zikitoka kwenye mlango wa kizazi zikaingia nyama za kando, upasuaji peke yake hautoshi. Senge alipatikana hapo. Mionzi mara 25, siku tano kwa wiki, na kemo kila wiki, halafu mionzi mingine ya ndani. Miezi saba inatosha kutembea milimita ngapi? Hakuna anayeweza kunijibu, na hilo swali halinitoki.

Nilimwambia. Usiku mmoja, amelala kando, nikamwambia senge, ile chai nililipwa, hata sikuwahi kuinywa, kikombe kilikuwa na maji ya majani. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Nilijua hukuwa unakunywa. Wewe hupendi kitu chungu." Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Aliomba maji.

Video nimeifuta. Wale wenzake wa sokoni niliwapigia mmoja mmoja. Wawili walinitusi, na walikuwa na haki.

Sasa maoni yangu, kwa sababu mnasoma hapa kupata maoni. Nimechoka na sisi watu wa mitandao kuuza hofu upande mmoja na dawa ya kusafisha upande wa pili. Kizazi si sufuria. Hakuna chai inayofika kwenye seli iliyovuka utando, na hakuna chai inayoirudisha ile iliyo karibu kuvuka. Hata wanasayansi wenye darubini za mamilioni bado wanahangaika kuifungia njia. Ukishaelewa kwamba hiyo mbinu ni ya mwili wenyewe, ile ile iliyotuleta duniani, unaelewa kwa nini ni ngumu kuizuia baadaye. Nafasi yetu kubwa ni ile miaka 15 ya kabla, zikiwa bado juu ya mstari, zimetulia, hazina gari.

Na kwa hiyo miaka, vifaa si vya ajabu. Mhudumu anapaka siki, yaani vinega iliyopunguzwa makali, kwenye mlango wa kizazi. Anangoja kama dakika moja. Penye seli zilizoharibika hugeuka peupe. Mara nyingi panaweza kugandishwa kwa baridi au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo, na unaenda nyumbani kwa miguu yako. Kuna pia kipimo cha HPV chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, kama shida yako ni aibu ya kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza kupimwa ukiwa na miaka 30, na 25 kama unaishi na HIV, kwa sababu hatari yako ni mara sita zaidi.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kitaifa hapa Kenya Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Mimi nilikuwa 17, ikanipita. Dada yangu mdogo alipata shuleni, na nakumbuka kelele kijijini ati inawafanya wasichana tasa. Nakumbuka pia kwamba nilinyamaza, kwa sababu mada haikuwa na viewers. Haiwafanyi tasa. Inazuia virusi vinavyoanzisha hii safari yote. Wanaume mnaosoma mkidhani hii ni posti ya wasichana: HPV tunapeana. Hakuna upande ambao hauhusiki.

Kenya inakadiriwa kupoteza zaidi ya wanawake 3,000 kwa mwaka kwa hii saratani moja. Wengi wao ni kama senge, watu wa soko, watu ambao hawajawahi kuumwa vya kulala, watu wanaosema nitaenda wiki ijayo mzigo ukiisha.

Senge yuko nyumbani sasa. Amekonda, mkojo unamchoma, chakula hakina ladha, lakini juzi aliuliza bei ya njugu upande wa pili, kwa hivyo naona anarudi. Vipimo vya kujua kama mionzi imefanya kazi ni mwezi ujao. Sijui vitasema nini, na sitawaahidi mwisho mzuri.

Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Akasema, "Andika. Picha yangu usiweke. Na usiwaogopeshe watu, mukhana, wakiogopa hawaendi."

Halafu akachukua simu yangu akampigia mathe. Mathe ana miaka 46, hajawahi kupimwa hata siku moja, na miezi yote hii amekuwa akibadilisha mada kila nikigusia. Senge hakubembeleza. Alisema tu, "Mke wa ndugu yangu, huyu mtoto wako nilimbeba wiki tatu. Sasa wewe nenda Jumanne."

Tunaenda Jumanne. Kama una senge, au mathe, au mtu aliyekubeba, mtumie hii. Na kama aliwahi kununua chai kwa sababu yangu, naomba umwambie nimesema asinywe tena, aende aangaliwe.